Pampu ya Manjano: Utajuaje Kama Gari Lako Linaruhusiwa Kunywa E85?

Shemeji yangu alinipigia simu mwezi Januari akiwa amesimama sheli, hapa Brooklyn Park, Minnesota. Alikuwa na wiki mbili tu na gari lake la kwanza tangu afike Marekani, Chevrolet Impala ya 2008, ya mkononi. Upepo ulikuwa unamkata maneno.

"Shem, kuna pampu ina mkono wa manjano hapa. Mafuta yake yako chini kwa senti 40. Nijaze?"

Ilikuwa pampu ya E85, petroli yenye ethanoli nyingi, ile pombe ya mahindi. Nikamwambia asiguse kwanza. Achungulie kioo cha mbele upande wa dereva, pale chini kwenye kona, anisomee namba ya chesisi.

"Nakuuliza mafuta, unanidai chesisi! Huku tunaganda."

Akasoma hata hivyo, meno yakigongana: mbili, G, moja, W, T, tano, nane, K. Nikamwambia basi, inatosha. Herufi ile ya nane ndiyo niliyokuwa naitaka, na nitaieleza huko mbele, maana ndiyo imewaokoa watu wengi ninaowajua kuliko nembo zote za nyuma ya magari zikiwekwa pamoja.

Swali la "gari langu linaweza kutumia petroli yenye ethanoli?" halina jibu mpaka useme ethanoli kiasi gani. Kwenye sheli moja tu ya Minnesota unaweza kukuta mchanganyiko wa aina tatu, na kila mmoja una masharti yake:

| | E10 | E15 | E85 |
|---|---|---|---|
| Ethanoli iliyomo | mpaka asilimia 10 | zaidi ya 10 mpaka 15 | kati ya 51 na 83 |
| Jina kwenye pampu | petroli ya kawaida, oktani 87 | mara nyingi "Unleaded 88" | "E85" au "Flex Fuel" |
| Gari linaloruhusiwa | karibu kila gari la petroli | la 2001 na kuendelea | lililoundwa kwa E85 tu |
| Cha kukagua | hakuna | mwaka wa gari na kitabu chake | stika, chesisi, kitabu |

Safu ya E10 haihitaji maneno mengi. Karibu petroli yote inayouzwa Marekani ina ethanoli ya kufikia asilimia 10, na Minnesota, nchi ya mahindi hii, ndilo jimbo lililotangulia kuilazimisha kisheria, tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo kama umeendesha hapa hata wiki moja, gari lako limeshainywa. Anayekwambia "mimi siweki ethanoli" anaiweka bila kujua, labda awe ananunua ile petroli maalumu isiyochanganywa ambayo hapa Minnesota huuzwa kwa ajili ya boti, pikipiki, magari ya kale na mashine ndogo.

E15 ni swali la mwaka. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, iliruhusu mchanganyiko huu mwaka 2010 kwa magari ya 2007 na kuendelea, kisha Januari 2011 ikateremsha mpaka magari ya 2001. Hujui mwaka wa gari, au muuzaji anakuzungusha? Nenda kwenye herufi ya 10 ya chesisi: tarakimu 1 ni 2001, 2 ni 2002, hivyo hivyo mpaka 9 ambayo ni 2009, halafu zinaanza herufi, A ikiwa 2010, B 2011. Pikipiki, boti, mashine ya kukatia majani na ile ya kusukumia theluji hazimo kabisa kwenye ruhusa hiyo, hata ziwe zimetoka dukani jana. Nimemwona mtu anajaza dumu la mashine ya theluji kwenye pampu ya 88 kwa sababu tu ilikuwa rahisi. Stika ya rangi ya chungwa inayokataza ilikuwa mbele ya uso wake.

Hapo kwenye E15 pana mgongano mmoja unaostahili kujulikana. Serikali inasema 2001, lakini watengenezaji walichelewa kukubali: GM, wanaounda Chevrolet, walianza kuandika E15 kwenye vitabu vyao kwa magari ya 2012, Ford kwa ya 2013. Basi mwenye gari la 2006 amfuate nani? Mimi nafuata kitabu. Si kwamba injini itakufa. Ni kwamba faida yenyewe ni ndogo mno kugombania. E15 inakupunguzia maili kwa karibu asilimia moja na nusu au mbili ukilinganisha na E10. Petroli ikiwa dola 3.20, hizo ni kama senti 5 za kila galoni zinazoondoka kabla hujaanza kuhesabu akiba. Ikiwa tofauti ya bei ni senti 10 na kitabu chako kinakubali, weka. Ikiwa ni senti 4, umebadilisha jina la mafuta tu.

Sasa tuje kwenye mkono wa manjano, ambako makosa ni ya gharama.

Gari linaloweza E85 wengi tunaliita fleksi. Si haibridi, wala halina tangi mbili. Ni gari la petroli la kawaida ambalo tangi, mipira, sili, pampu ya mafuta na nozeli vimetengenezwa kuvumilia ethanoli nyingi, na kompyuta yake inajua kupima ni mchanganyiko gani umo ndani. Kazi ya kompyuta hiyo si ndogo. Petroli tupu inahitaji hewa sehemu 14.7 kwa sehemu moja ya mafuta. E85 inahitaji kama 9.8 tu. Maana yake nozeli zimwage mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile. Gari lisilo fleksi hujitahidi kuongeza, hufika mwisho wa uwezo wake, likaanza kukohoa, kukosa nguvu na kugoma kuwaka asubuhi, taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi.

Ukiwa mbele ya gari la mkononi una mambo matano ya kuangalia, na hayana uzito sawa hata kidogo.

Nembo ya nyuma, ile ya "FlexFuel", "FFV" au "E85 Ethanol", ndiyo inayoonekana kwanza na ndiyo ninayoiamini mwisho. Buti hubadilishwa. Mwaka juzi nilimsindikiza rafiki yadi moja kuangalia Impala nyingine, rangi ya fedha, nembo ya majani ya kijani inang'aa nyuma. Muuzaji akaapa ni fleksi. Chesisi ikasema 2G1WT58N. Tukafungua buti, ndani yake rangi ilikuwa ya bluu: lilikuwa limeng'olewa kwenye gari jingine baada ya kugongwa kwa nyuma, likapigwa rangi juu, nembo na yote. Na kinyume chake hutokea pia. Impala ya shemeji haina nembo yoyote, pamebaki matundu mawili madogo yaliyozibwa.

Mfuniko wa manjano wa tangi una heshima zaidi kidogo. GM walianza kuuweka kwenye fleksi zao za mwaka 2006, wengine wakafuata, na kwenye magari yasiyo na mfuniko wa kuzungusha, kama Ford nyingi za karibuni, utakuta pete ya manjano kuzunguka mdomo wa tangi. Pete ni ngumu kughushi. Mfuniko je? Unasahaulika juu ya pampu, mtu anaenda duka la vipuri ananunua mweusi wa dola chache. Kwa hiyo manjano ni dalili nzuri, lakini mweusi haukatai kitu. Zipo fleksi za kabla ya 2006 ambazo mfuniko wake tangu kiwandani ni mweusi.

Stika ndani ya kile kimlango cha tangi ndiyo ninayoanza nayo siku hizi. Fungua, geuza macho ndani. Fleksi itaandikwa E85 na petroli pamoja. Baadhi ya Toyota zisizo fleksi zina mfuniko unaokataza waziwazi, E85 ikiwa imepigwa mstari. Kimlango hicho hakibadilishwi ovyo, ila stika huchubuka kwa chumvi ya barabarani, na gari la Minnesota lenye miaka 15 huwa limekula chumvi ya kutosha.

Halafu chesisi. Ina herufi na tarakimu 17, na kwa magari ya Detroit, yaani GM, Ford na Chrysler, ya nane kutoka kushoto ndiyo inayotaja injini. Kwa Impala ya lita 3.5 ya miaka ile, K ni fleksi, N ni petroli peke yake. Chevrolet Silverado ya lita 5.3 ya kabla ya umbo la 2007: Z ni fleksi, T siyo. Ford F-150 ya lita 5.4 kuanzia 2006: V ni fleksi, tarakimu 5 siyo. Crown Victoria za 2006 hadi 2011, zile zilizokuwa za polisi: V ndiyo, W hapana. Angalia vizuri hapo: herufi hazihami kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Usichukue K ya Impala ukaipeleka kwenye Dodge. Ukiwa huna orodha ya gari lako, ingiza chesisi nzima kwenye kitafutio cha bure cha NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, kitakutajia injini na mara nyingi aina ya mafuta.

Kitabu cha gari, ukibahatika kukikuta kwenye droo ya dashibodi, ndicho hakimu. Lakini soma kwa uangalifu, maana kitabu kimoja huandikwa kwa ajili ya injini tatu tofauti za gari lile lile. Kitasema "kama gari lako lina injini hii, unaweza E85". Mtu akasoma nusu ya pili ya sentensi. Kwa hiyo kitabu bila chesisi ni nusu ya jibu.

Ningelazimika kuchagua viwili tu, ningechukua stika na herufi ya nane. Vikikubaliana, umemaliza. Vikipingana, amini chesisi, isipokuwa kama injini imebadilishwa, na hilo muuzaji anapaswa kukwambia. Anapaswa, nimesema.

Kuna jambo jingine linalosaidia kubashiri kabla hata hujaliona gari. Kwa miaka mingi sheria ya Marekani iliwapa watengenezaji nafuu kwenye hesabu za matumizi ya mafuta kwa kila fleksi waliyouza, iwe itaonja E85 au isionje. Wakazitengeneza kwa mamilioni. Nafuu ile ilipunguzwa pole pole mpaka ikaisha na magari ya 2019, na aina za fleksi zikapungua nayo. Kwa hiyo ukitafuta kati ya 2006 na 2016, kwenye pikapu kubwa, Suburban, Tahoe, Dodge Grand Caravan ya lita 3.6, nafasi ni kubwa. Magari yaliyokuwa ya serikali yanayouzwa mnadani ndiyo zaidi, kwani mashirika ya serikali kuu yana wajibu wa kununua magari ya mafuta mbadala tangu sheria ya nishati ya 1992. Camry na Corolla za hapa? Usijisumbue. Toyota zilizouzwa zikiwa fleksi Marekani ni zile kubwa, Tundra na Sequoia za lita 5.7, na hata hizo si zote.

Na ukishakosea? Hili huulizwa usiku, kwa sauti ya hofu. Usilivute gari kwa kreni kabla hujapiga hesabu. Tuseme tangi ni galoni 15, lilikuwa na galoni 12 za E10, umeongeza 3 za E85 yenye ethanoli asilimia 80. Ethanoli iliyomo sasa ni galoni 1.2 na 2.4, jumla 3.6, yaani asilimia 24. Ni nyingi kuliko inavyoruhusiwa, lakini injini nyingi zitaenda. Endesha taratibu, na kila tangi likipungua robo, jaza petroli ya kawaida, mpaka iishe nguvu. Tangi lililokuwa tupu likajazwa E85 mpaka juu ni habari nyingine: usiliwashe, mwite fundi ayanyonye.

Kwa aliyethibitisha kwamba gari lake ni fleksi, ulinganisho wa pili unaanza, na huu watu huuruka. Kuweza si lazima. Ethanoli ina nguvu ndogo kuliko petroli kwa theluthi hivi kwa kila galoni, kwa hiyo gari linakula zaidi. E85 ya kiangazi, ile nzito inayokaribia asilimia 83, inakukata maili kama robo ukilinganisha na E10. Chukua bei ya E10, zidisha kwa 0.75. E85 ikiwa chini ya hapo, unapata. Ikiwa juu, unalipa ili uje sheli mara nyingi zaidi. Wakati wa baridi mchanganyiko hupunguzwa, hata kufika asilimia 51, kwa sababu ethanoli haiwaki vizuri kwenye baridi kali. Hapo hasara ya maili huwa kama asilimia 14. Tovuti ya serikali ya fueleconomy.gov huonyesha fleksi moja na maili zake za mafuta yote mawili pembeni kwa pembeni, ukitaka namba za gari lako hasa.

Gari lenye maili 150,000 ambalo halijawahi kuonja E85 nalo lianzishwe kwa adabu. Ethanoli ni kiyeyusho, inaosha uchafu wa miaka tangini na kuupeleka kwenye chujio. Mimi huanza na nusu tangi, na huweka chujio jipya la akiba garini kwa zile zinazobadilishika. Vitabu vya GM vinashauri usiongeze chini ya galoni 3 unapobadili mafuta, na uendeshe maili 7 mfululizo baada ya kujaza ili kompyuta ijifunze. Ukijaza, ukaegesha nyumbani jirani, asubuhi linaweza kukusumbua kuwaka.

Ndugu walioko Uingereza, suala lenu ni jingine. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya huko ni E10, na E5 imebaki kwenye pampu ya oktani 97 na zaidi. Magari yote mapya ya petroli kuanzia 2011 yanaikubali, na ya miaka ya mwisho ya 1990 kuja mbele mengi pia. Lenye umri zaidi ya hapo, ingieni kwenye kikaguzi cha serikali mtandaoni. Gari la karibuni lina duara dogo kwenye kimlango cha tangi, ndani yake E5 na E10. Duara ni petroli, mraba ni dizeli. Hakuna haja ya chesisi.

Nyumbani Afrika Mashariki maswali ya E85 hayapo, ingawa wazee wa Nairobi wanaikumbuka petroli ya ethanoli ya Muhoroni ya miaka ya 1980. Anayetoa gari bandarini Dar es Salaam kulipeleka Malawi atakutana na ethanoli ya miwa, ambayo Malawi imekuwa ikiichanganya na petroli tangu 1982, lakini huo ni mchanganyiko mdogo, wala hauhitaji fleksi. Na anayetaka kusafirisha fleksi kutoka huku kwenda kwao asiogope: linatembea kwa petroli tupu maisha yake yote bila kulalamika.

Shemeji je? K yake ilimruhusu, japo gari halina nembo wala mfuniko wa manjano. Siku ile E10 ilikuwa dola 3.19, E85 2.79. Hata kwa E85 nyepesi kabisa ya baridi, ilitakiwa ishuke mpaka 2.74 ndipo watoke sawa. Nikamwambia ajaze ya kawaida. Alininunia kidogo, akaona nimemsimamisha kwenye barafu bure.

Julai akanitumia picha ya kibao cha bei: 3.59 kwa 2.59. Chini yake ameandika hesabu mwenyewe, 3.59 mara 0.75 ni 2.69, kisha neno moja: "Najaza." Kwa maili 1,000 aliokoa kama dola 5 na nusu, akaongeza safari mbili za sheli. Ananiambia zile safari mbili anazifidia kwa kahawa.